Baba Kapangwa A Mpaka Z

Mimi ni msusi. Nimesimama nyuma ya vichwa vya watu tangu nikiwa msichana, na kazi ya msusi nusu ni vidole, nusu ni mdomo. Kwa hiyo ukisikia nimefungiwa ndani na mzee asiyeongea, asiyefumbua hata jicho, jua mwenyewe adhabu niliyopewa. Nilifika mahali nikawa naisalimia friji.

Baba alikuwa dereva wa malori. Kiharusi kilimwangusha akiinama kufunga kamba za viatu, na baada ya kiharusi ikaja degedege: mwili mzima unatetemeka, macho yanageuka, na mimi sakafuni nimemshika kichwa, naita majirani. Hospitali wakampa dawa ya kuizuia. Polepole ikaizuia kweli, ila ikamzuia na yeye. Analala asubuhi, analala mchana, nikimlisha anameza macho yamefumba. Wakaja watu mwanzoni kumwona, wakakuta mtu amelala, wakaaga. Siwalaumu sana.

Nilimlilia daktari ampunguzie ile dawa. Mama yule hana mchezo. "Sipunguzi kwa kubahatisha," akasema. "Kila siku andika: kashikwa, au hakushikwa. Mkirudi kliniki nitaangalia. Ikionekana ametulia, napunguza. Ikionekana bado anashikwa, naongeza." Roho yangu yote ikahamia kwenye maneno hayo. Dawa ikipungua, huenda baba akaamka, nami nikapata mtu wa kuongea naye.

Sasa, nina mdogo wangu wa kiume. Tunamwita Mhasibu, kwa sababu ndiyo kazi yake na ndiyo tabia yake. Yuko mji mwingine, mbali. Akasema mambo ya daftari hataki, akanitumia kompyuta yake ya zamani, akanitengenezea jedwali na kuliweka mtandaoni tulione sote watatu: mimi, yeye, na Kitinda, mdogo wetu wa mwisho aliyeolewa ng'ambo. "Ili tuwe pamoja, Dada," akasema. Haya. Nikajifunza kwa matusi na machozi, lakini nikajifunza.

Lilikuwa na safu nne: tarehe, presha, dawa, na hali. Kwenye hali niliandika neno moja tu. Siku njema, "shwari". Siku mbaya, "tetemeko". Ndiyo, kama la ardhi. Ungeuona ule mwili usingenibishia.

Kisha nikaongeza safu yangu mwenyewe, kulia kabisa, nikaipa jina "Mengineyo". Humo ndimo nilimohamishia saluni. "Mhasibu, leo nimemnyoa baba ndevu. Kidevu ni chako kilekile, mpaka nimeogopa." "Kitinda, nimemwimbia ule wimbo wake wa safari, kidole kikacheza. Wallahi kikacheza!" "Jamani mvua imeingia jikoni, nimeteleza nikakaa chini puu, nimecheka peke yangu kama chizi." Hawakuwa wanajibu, lakini nani anajibu jedwali? Nilijua wanasoma. Nikimaliza kuandika, nilijisikia nimetoka kwenye mazungumzo.

Ikafika siku ya kuamkia kliniki. Asubuhi, baba nimeshamwosha na kumgeuza, nikakaa na chai yangu kufungua jedwali nikalichape pale duka la fotokopi. Moyo ukanipasuka. Wiki hii yote: tetemeko, tetemeko, tetemeko. Tetemeko lipi tena, na baba hajashikwa tangu mvua zikatike? Nikapanda juu mpaka mwanzo kabisa, kwenye zile siku nilizolala naye sakafuni. Shwari. Siku ile aliyojing'ata ulimi damu ikalowesha mto? Shwari! Tarehe ziko mahali pake, presha iko mahali pake, ila safu ya hali imechambuliwa kama mchele: shwari zote zimepanda juu, matetemeko yote yamerundikwa chini.

Hebu fikiria daktari akabidhiwe karatasi hiyo. Angeongeza dawa palepale, na baba angezama moja kwa moja. Kujaza upya nisingeweza, maana ya wiki hii nayakumbuka, lakini ya miezi ile mingine nani anayakumbuka siku kwa siku? Na sikuwa tayari kubuni ugonjwa wa baba yangu. Nikabonyeza ule mshale wa kurudisha nyuma. Umekuwa wa kijivu, haubonyezeki.

Nikampigia Mhasibu.

"Dada, niko kikaoni."

"Toka kikaoni."

Akatoka. Ananijua.

"Nani kagusa jedwali la baba?"

"Mimi jana nililifungua kwenye simu. Nilitaka kuona matetemeko yote pamoja, nione yako mangapi. Nikabonyeza panga A mpaka Z."

"Ukapanga safu moja!"

"Nilidhani itapanga jedwali zima."

"Haikupanga! Umempanga baba kwa alfabeti, mhasibu mzima na shahada yako! Magonjwa ya zamani umembandika wiki hii!"

"Dada, punguza sauti."

"Sipunguzi. Humu ndani sauti ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho."

Akavuta pumzi. Kisha akashusha sauti, akaanza kuniongoza polepole, na hapo nikakumbuka kwamba ni mtoto mwenye moyo mzuri. "Usiandike kitu. Usifute kitu. Jedwali lenyewe linatunza kila hali lililowahi kuwa nayo. Nenda kwenye Faili. Sasa tafuta historia ya matoleo. Umeona?"

Nikaona. Pembeni zikajipanga tarehe, kila moja na jina la aliyeandika siku hiyo. Jina langu, jina langu, jina langu, na juu kabisa, jana, jina lake.

"Bonyeza la juzi. Angalia kwanza, usirudishe bado. Safu ya hali imekaaje?"

Nikashuka na kidole kwenye kioo. Damu ya kwenye mto: tetemeko. Mvua zilipokatika: shwari, na kuanzia hapo shwari mpaka chini. "Iko sawa," nikasema.

"Basi rudisha."

Nikarudisha, nikaijaza upya na siku ya jana. Baba akarudi kwenye siku zake. Nikacheka na kulia kwa wakati mmoja, nikamtukana Mhasibu kwa mapenzi, naye akacheka.

"Sasa tulifunge," nikasema. "Sitaki mtu aguse tena."

Akanielekeza. Kwanza tukatoa nakala, tukaipa jina lenye tarehe, nikaihifadhi kwenye flashi. Halafu tukaenda mahali pa kulinda jedwali, pa kuchagua nani anaruhusiwa kuandika. Nikajichagua mimi peke yangu.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe utatazama kwa macho tu, kama mgeni dukani."

"Haya, bosi."

Nilikuwa nimefurahi, na mimi nikifurahi mdomo haufungi. "Lakini niambie ukweli, ile ya kidevu si ilikuchekesha?"

"Kidevu gani?"

"Si ile niliyoandika kwenye Mengineyo. Safu ya mwisho, kulia."

"Dada, mimi kwenye simu naona safu nne tu."

"Usogeze kulia."

"Sikujua kama kuna nyingine," akasema. "Na nikwambie ukweli, jana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulifungua. Nilijua uko nalo, nikatulia. Kitinda yeye alipoteza zamani kile kiungo cha kulifungulia, hakutaka kukusumbua." Akakohoa. "Samahani, Dada. Nitasoma yote. Ngoja nirudi kikaoni."

Ungetegemea nimvurumishie maneno. Niliaga vizuri, nikaweka simu mezani, nikahisi aibu, kama mtu aliyekuwa akipungia mkono basi lisilo na abiria. Wimbo, mvua, kidevu, yote yale nilikuwa namwambia nani? Nilikaa pale mpaka chai ikapoa, halafu nikaenda kuchapa zile safu nne. Ya tano niliiacha.

Daktari alipitisha kalamu yake juu mpaka chini, bila haraka, akarudia. Akauliza, "Una uhakika na hizi?" Nikamwambia nina uhakika kuliko jina langu. Akaandika dozi mpya, ndogo.

Baba hakuamka kesho yake, wala wiki ile. Aliamka kidogokidogo. Leo anafuata mwanga wa dirisha, kesho anakataa kijiko. Mpaka alasiri moja nakunja mashuka mguuni pake, nikasikia sauti nzito, yenye kutu, ikitokea kwenye mto.

"Wenzio wako wapi?"

Nilirusha shuka. Nikamshika uso, nikamwita baba, baba, baba, akasubiri nimalize. Alikuwa anataka jibu.

"Wako kazini, baba."

"Wote?"

"Wote."

Akalifikiria hilo. Maneno yalikuwa yanampanda kwa taabu, kama lori lenye mzigo mlimani, nami sikumharakisha. Akanitazama kuanzia kilemba nilichojifunga ovyo mpaka miguu iliyo pekupeku.

"Na wewe," akasema. "Saluni hawakutafuti?"

Uongo nilikuwa nao tayari, mwingi tu. Mdomo ukakataa kuutoa.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Hakuna anayenitafuta."

Akahangaika na mkono wake ule mzima mpaka ukatoka chini ya blanketi, akausogeza juu ya kitanda kuja upande wangu.

"Kaa," akasema. "Niambie habari."