Nusu Kumi na Moja za Mpima

Jumanne, saa tatu asubuhi, Mpima alibandika picha yake ya pasipoti kwenye wasifu wake, akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka gundi ikashika, akapiga mhuri, akatia saini barua ya kukubali kazi. Nusu yake ikainuka kutoka kwenye karatasi. Ilivaa blauzi ile ile ya pichani, iliyopungua kifungo kimoja, na iliishia kifuani, kwa kuwa picha ya pasipoti haina miguu. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele upande wa pili wa meza, alisogeza sinia kuipa nafasi.

“Hii ya ngapi?”

“Ya kumi na moja, mama.”

“Umeposwa mara kumi na moja, mwanangu, na ndoa hatujaiona.”

Mposaji alikuwa Bwana Kesho. Jina hilo alipewa na mafundi wa kujitegemea, wale anaowakumbuka wakati wa kuomba zabuni na kuwasahau wakati wa kuifanya. Kampuni yake ilikuwa na vyumba viwili, na haikuwa na mpima ardhi hata mmoja. Kila ombi la zabuni lilitaka mpima mwenye mhuri, basi simu ya Mpima ikalia: “Dada yangu, hii ni yetu. Tukishinda, wewe ndiye wa kwanza kuingia saiti. Niletee wasifu, unisaidie na majibu kidogo.”

Kidogo hicho kilikuwa kurasa arobaini. Mpima aliisoma kila hati ya ombi mara tatu kabla ya kushika kalamu. Alijibu walichouliza, si kile alichotamani kuulizwa, tena kwa mpangilio wao wenyewe. Asipojua jambo, aliandika kwamba halijui, na jinsi atakavyolijua. Siku ya tathmini kamati ilifungua bahasha, nusu ikatoka ukurasa wa kumi na tisa, mwenyekiti akaagiza iletewe kiti kirefu. Waliuliza, ikajibu. Walipoipa maji, Mpima aliyahisi ulimini akiwa nyumbani. Ilipoongea sana, sauti iliyokauka ilikuwa yake. Mara zote ilipata alama thelathini kwa thelathini. Kisha walifunga andiko la zabuni, na nusu ndani yake.

Zabuni nne zilishinda. Saiti zote nne aliingia shemeji yake Bwana Kesho, muuza magodoro, aliyeishika darubini ya kupimia kama mtu aliyeshika kuku wa jirani.

Mpima hakuwa mtu wa kusahau. Baba yake alishika mnyororo wa kupimia juani miaka ishirini na sita, na hakuruhusiwa hata siku moja kuchungulia kwenye darubini. Alikufa akijua urefu wa mji mzima bila kuwahi kuuona kupitia kioo cha darubini. Mhuri wa binti yake ulikuwa wa kwanza katika ukoo. Sasa barua ya bodi ya wapima ilikuwa mezani, chini ya bakuli la chumvi: asiyeutumia mhuri wake kwenye kazi halisi kwa miaka mitatu, aurudishe. Muda wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi.

Zabuni ya kumi na moja ikashinda. Mpima akavaa buti, akaenda ofisini.

“Nimekuja kuingia saiti.”

“Kesho, dada yangu. Shemeji ametangulia tu kusafisha njia.”

“Jina lililoshinda ni langu.”

“Na ndiyo heshima yenyewe! Wangapi wameandikwa kwenye ubao wa mradi?”

“Basi nirudishie nusu zangu.”

“Hizo wanazo waliotangaza zabuni. Kamwone karani wa ghala lao, mimi sina neno.”

Karani wa ghala alikuwa mpole. Alimpeleka kwenye rafu ya nyuma, na hapo zilikuwepo zote kumi na moja, zimepangwa kwa mwaka, za zamani zina vumbi kwenye kope. Zilimgeukia pamoja.

“Tumeitwa?”

“Bado,” alisema Mpima. Alizifuta nyuso kwa leso, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa bado inatabasamu.

“Kuzitoa siwezi, dada,” alisema karani. “Hizi ni viambatisho. Kiambatisho kikitoka, andiko linakuwa na kasoro.”

Mpima alirudi kwa miguu, akapita kwenye mtaro uliojengwa kwa zabuni ya tatu. Maji yalikuwa yanapanda mlima, polepole, kama yalivyopimwa, na kuingia milangoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiyachota sebuleni kwake kwa sufuria alimtazama, akautazama ubao wa mradi wenye jina na picha yake.

“Ndiye wewe huyu mpima?”

“Jina tu, dada. Miguu yangu haijafika hapa.”

“Basi mwambie huyo mwenye miguu aje achote.”

Mpima alivua buti, akachukua sufuria ya pili, akachota mpaka adhuhuri. Maji yaliendelea kupanda.

Siku ya mwisho ya mwezi aliurudisha mhuri. Ofisa wa bodi aliuweka kwenye droo yenye mihuri mingine mingi, akaifunga kwa goti. Jioni simu ikalia.

“Nimesikia, dada yangu, pole sana,” alisema Bwana Kesho. “Ila usihangaike. Nakala zako ninazo, na mhuri unaonekana vizuri kabisa. Kuna ombi jipya. Safari hii hata sikusumbui.”

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, Mpima alikuwa anasuuza vikombe alipohisi maji ya chupa ulimini. Akaweka kikombe chini, akakaa. Koo lilianza kukauka.

“Kamati iko na wewe?” aliuliza mama yake.

Akaitikia kwa kichwa.

“Wanauliza nini?”

“Kama nitakuwepo saiti siku zote.”

“Na unawajibuje?”

Mpima alingoja koo lake limalize.

“Nawajibu vizuri, mama,” alisema, kwa sauti iliyobaki.