Upindo wa Vidole Vinne

Lori lilikuwa limeshaingia barabara kuu na Fundi bado hajapata pa kuketi. Masanduku saba ya mavazi, ngoma, mbao za jukwaa, waimbaji kumi na mmoja, kila mmoja amejitanua kama aliyelinunua lori yeye. Mwisho akakaa juu ya sanduku la viatu, akaibana cherehani yake kwa magoti isiruke, akatukana kimoyomoyo.

Alikuwa na haki ya kutukana. Mtunzi, ambaye ndiye mkuu wa kundi lao la michezo ya nyimbo, alikuwa amemaliza wimbo wa mfagiaji jana tu, na kesho saa tisa alasiri wimbo huo utaimbwa mbele za watu. Gauni la kuuimbia lilikuwa bado kitambaa.

"Chiriku! Njoo nikupime."

Chiriku ndiye aliyepewa nafasi ya mfagiaji. Msichana mwembamba, mdomo wake haujui likizo.

"Humu humu, Fundi? Lori linarukaruka!"

"Utaruka wewe nikikuchoma pini. Simama. Imba."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Mafundi wengine humpima mtu akiwa amenyamaza. Fundi alimpima mwimbaji akiimba wimbo wenyewe, tepu ikiwa mbavuni, kwa sababu kifua kinachovuta pumzi ndefu huongezeka vidole viwili, na gauni lisilojua habari hiyo humnyonga mtu jukwaani. Aliandika vipimo viwili, cha kimya na cha pumzi. Akashona kwa cha pumzi, miaka yote.

Chiriku akashika ubao wa lori, akaimba:

*Kila mwaka nashona gauni, mwili wako siujui,*
*upindo wa vidole vinne, nakukadiria tu.*
*Waniita mama mdogo, nami naitika.*
*Nilikuacha, mwanangu, nisamehe.*

Tepu ikamponyoka Fundi mkononi.

"Nimekosea noti?" Chiriku akauliza.

"Hujakosea. Endelea."

Akasikiliza mpaka mwisho. Yalikuwa maisha yake. Yamevuliwa nguo na kuvalishwa ufagio.

Miaka ishirini na minne nyuma alijifungua mtoto wa kike, akaugua kifua, akalazwa hospitali miezi mitano. Dada yake mkubwa, aliyeolewa na hakujaliwa mtoto, akamchukua yule mchanga amtunze. Fundi alipotoka, amekonda kama ufito, alikuta mtoto keshapewa jina jingine, majirani keshaambiwa, na dada yake kasimama mlangoni. "Kuanzia leo wewe ni mama yake mdogo. Siku utakayofungua mdomo, mlango huu usiujue tena." Hakuwa na kazi wala pa kulala. Akafunga mdomo. Mara moja kwa mwaka aliruhusiwa kuja na gauni, na kwa kuwa hakujua mtoto kafikia urefu gani, aliacha upindo mpana wa vidole vinne, ili ukifumuliwa gauni lirefuke.

Habari hii aliwahi kumsimulia mtu mmoja tu, Mtunzi, siku walipokwama kituoni wakisubiri treni. Mtunzi alilia machozi. Sasa Fundi akajua kwamba alikuwa akilia na kalamu mkononi.

Na mji wa kesho ndio mji wa dada yake. Tiketi mbili, safu ya pili, Fundi mwenyewe alikuwa amewatumia, dada na binti.

Lori liliposimama kutiwa maji, akamfuata Mtunzi kule mbele.

"Utoe wimbo huo."

"Upi, mama?"

"Usiniite mama, nitakuzaba kibao. Unaujua."

Mtunzi akatazama huku na huku. "Fundi, nisikilize. Kipande kizima cha kwanza mfagiaji anapita na ndoo, hakuna anayemtazama mara mbili. Halafu anafungua kinywa. Dakika nne tu! Watu wanamjua alikotoka, alichopoteza, anachokiogopa. Maneno matupu yangenichukua saa nzima. Nikiutoa, anabaki mtu na ndoo."

"Basi na abaki na ndoo! Binti yangu atakaa safu ya pili."

"Nimekubadilishia kazi. Nani atajua?"

"Vidole vinne, Mtunzi! Umebadilisha cherehani ikawa ufagio, upindo ukauacha. Magauni yake yote yana upindo ule. Na hiyo 'nilikuacha' umeitoa wapi? Nilimwacha mimi? Nilinyang'anywa nikiwa kitandani!"

"Hapo nimetia chumvi kidogo. Watazamaji wanapenda mtu anayeomba msamaha."

Fundi akarudi nyuma ya lori, akakaa juu ya sanduku la viatu hadi walipofika.

Asubuhi akakata kitambaa. Akafungua daftari, akatazama vipimo viwili vya Chiriku. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake akashona kwa kipimo cha kimya. Hesabu yake ilikuwa rahisi: wimbo ulianza na noti ndefu, msichana ataishiwa pumzi mstari wa kwanza, wapiga vyombo watavurugika, Mtunzi atakimbilia kushusha pazia. Aibu ya siku moja. Mlango wa dada utabaki wazi.

"Linabana, Fundi," Chiriku alisema wakati wa kuvaa.

"Litalegea."

Saa tisa ukumbi ulijaa. Kutoka pembeni Fundi aliwaona: dada yake na kilemba kipya, na binti, mrefu, anacheka. Mfagiaji akapita na ndoo, kweli hakuna aliyemtazama. Kisha tarumbeta ikalia na Chiriku akavuta pumzi. Haikuingia. Akajaribu tena, uso ukambadilika. Ila Chiriku hakuwa mtu wa kuaibika kirahisi. Aliweka ndoo chini, akawapungia mkono wapiga vyombo wanyamaze, na maneno aliyoshindwa kuyaimba akayasema. Taratibu, kwa pumzi fupi fupi, kama mtu anayeongea jikoni. Upindo wa vidole vinne. Waniita mama mdogo, nami naitika.

Safu ya pili, binti akaacha kucheka.

Alipofika "nilikuacha, mwanangu, nisamehe", pumzi ilikuwa imekwisha. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akaokota ndoo, akatoka. Gauni lilikuwa limekula mstari mmoja tu, ule wa uongo.

Binti alikuwa ameshasimama. Dada wa Fundi akamvuta mkono, binti akauchomoa. Dakika haikupita, yuko nyuma ya jukwaa, dada anamfuata mbio.

"Mama mdogo. Yule mfagiaji ni nani?"

"Ni mchezo tu, mwanangu," dada akadakia. "Hawa ni watu wa kubuni."

"Sikukuuliza wewe, mama."

Dada akamtazama Fundi, jicho lile lile la mlangoni. "Tulikubaliana!"

Hapo ndipo mori ulipompanda Fundi hadi utosini.

"Ulikubaliana wewe! Mimi nilikuwa na homa! Ulikubaliana na majirani, ukakubaliana na kitanda changu kitupu! Miaka ishirini na minne nabisha hodi kwenda kumsalimia mtoto niliyemzaa, naambiwa futa miguu!" Akamgeukia binti. "Sikukuacha. Ulichukuliwa. Ukitaka kunichukia nichukie kwa hilo la kunyamaza, hilo ni langu. Lakini sikukuacha."

Binti hakumkumbatia mtu. Aliinama, akashika upindo wa gauni alilovaa, aliloshonewa na Fundi, akaupima kwa vidole vyake mwenyewe. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mtunzi alisifiwa sana kwa ule mstari usiosemwa, akawa anaeleza kwamba lilikuwa wazo lake. Chiriku aliendelea kuusema wimbo bila kuuimba miaka miwili, katika gauni lile lile lililolegezwa, kisha akaolewa na mpiga tarumbeta. Dada alifunga mlango kama alivyoahidi; alifariki miaka minne baadaye bila kuufungua, na Fundi alisimama mazikoni nyuma ya wote. Binti alihama nyumba, akakaa mwaka na nusu bila kuongea na yeyote kati yao, halafu akaandika barua yenye swali moja, kuuliza alizaliwa siku gani hasa. Fundi alijibu siku na saa. Sasa huonana mara moja kwa mwaka. Binti bado anamwita mama mdogo. Anasema ulimi haujazoea kingine. Fundi aliacha kundi wiki ile ile, ana chumba na cherehani karibu na soko, na gauni la binti hulishona kwa vipimo. Upindo ni wa kidole kimoja.