Pumzi ya Fundi Sakafu

Afisa wa afya aliweka kopo jeusi la kupimia hewa juu ya kabati, akamwambia mjane asiliguse kwa siku tisini. Radoni, alieleza, ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Hupanda kutoka kwenye mawe na udongo wa chini kupitia nyufa za sakafu na kuyala mapafu polepole. Nyumba itakayozidi kiwango itawekewa bomba la kuitoa nje. Isiyozidi itapewa barua.

Mjane alilitaka bomba. Nyumba yake ilikuwa ya chumba kimoja, na kifua cha mjukuu wake wa miaka minne kilikuwa kimeanza kukwaruza.

Siku ya tatu, asubuhi, mjane akifagia, marehemu mume wake alirudi. Alikuwa fundi sakafu. Yeye na wenzake ndio waliomwaga sakafu zote za kijiji, kwa kifusi ambacho mgodi wa karibu uligawa bure. Hakuwahi kuonja sigara, lakini mapafu ndiyo yaliyomuua. Aliketi juu ya ufa, akainama, akaanza kuvuta pumzi bila kuitoa.

"Inua miguu," mjane alimwambia, akafagia chini yake.

Wiki ya pili kikohozi cha mtoto kilipungua. Mjane alishukuru, kisha akalitazama kopo, akaweka ufagio chini.

"Baba wee, hebu toka. Kopo halitaona kitu."

"Nitoke, mtoto avute?"

"Siku tisini tu, tupate bomba."

"Niliambiwa kifusi hiki hakina neno, nikawaamini. Sasa unataka niliamini kopo?"

Sikio la kufa halisikii dawa, na lake lilikuwa limeshakufa. Hakutoka.

Siku tisini zilipotimia, kopo lilichukuliwa, likapelekwa kupimwa. Mwezi uliofuata afisa alileta barua.

"Hongera, mama. Nyumba yako salama. Kijiji kizima salama."

"Mwanangu, si unamwona anavyoivuta gesi?"

"Namwona. Shikamoo, mzee." Marehemu aliitikia kwa mkono, mdomo ulikuwa na kazi. "Kila nyumba nimewakuta wenzake hivi hivi, wamekaa chini. Lakini fomu inauliza kiwango, mama. Haiulizi nani amevuta."

"Na wakichoka?"

"Mtaomba upya. Ni kila baada ya miaka kumi."

Mwishoni mwa barua mgodi ulitoa salamu, ukaahidi kifusi kingine, bure, kwa sakafu ya darasa la chekechea. Afisa akaaga, akaenda nyumba ya jirani na barua nyingine kama hiyo.

Marehemu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Darasa lina watoto wangapi?"

"Arobaini."

Akawahesabu kwa vidole mafundi wenzake waliokwisha kufa, kila mmoja na nyumba yake. Akarudia kuwahesabu.

"Hatutoshi," alisema, akainamia tena ufa wake.

Mjane aliiweka barua kabatini, pale lilipokuwa kopo, akachukua ufagio.

"Inua miguu."