Kompresheni ya Pikipiki ya Mzee Ahmadi

Tangu kiharusi kimwangushe, mzee Ahmadi hakuwa ametamka neno. Alishinda kwenye kiti cha magurudumu mlangoni mwa karakana yake mjini Morogoro, mdomo umepinda, chakula hataki. Mkewe, Mwanaheri, alimlisha uji kwa kijiko, nusu ukimwagikia kifuani. Binti yao, Shadya, alikuwa amebakiwa na tumaini moja tu: pikipiki.

Ilikuwa pikipiki kuukuu ya mashindano, ya silinda moja, isiyo na rejeta. Injini yake ilipozwa na upepo tu. Kila mwaka Ahmadi aliipandisha mlima wa Mkuyuni kwenye mashindano, na kila mwaka pikipiki mpya zilimwacha. Shadya alijiambia kwamba yeye akishinda, baba yake atarudi. Hakuna daktari aliyemwambia hivyo. Aling'ang'ania wazo hilo kwa kuwa hakuwa na jingine.

Akaamua kuongeza kompresheni, ili petroli na hewa vibanwe zaidi kabla ya kuwaka na injini ipate nguvu. Alipeleka kichwa cha silinda kikachongwa, kikapunguzwa unene. Aliporudi, ili apime kama valvu, vile vilango vya hewa, zitagonga pistoni, alibandika donge la unga wa chapati juu ya pistoni, akafunga kichwa, akaizungusha injini kwa mkono, kisha akafungua. Valvu zilikuwa zimeubonyeza unga bila kugusa pistoni.

"Zinapishana, Baba! Hazigusani!"

Akaiwasha, akaipandisha kilima cha mtaani na kurudi. Ilivuta kama imepagawa. Lakini kila ilipokaza mwendo ilitoa mlio, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Ahmadi akaanza kuupiga mkono wa kiti kwa kiganja cha mkono usiopooza, pa, pa, pa, macho yamemtoka.

"Mama, mwone! Anafurahi!"

"Mbona machozi yanamtoka, mwanangu?"

Shadya hakutaka kulisikia hilo.

Siku ya mashindano jirani aliwapeleka wazee hadi Mkuyuni. Shadya aliondoka kwa kasi, akawapita wawili kwenye kona ya kwanza, na moyo ukamwambia kumbe inawezekana. Kokoto zikazidi kugonga. Injini ikatoa joto la kuunguza magoti. Alijua anapaswa kupunguza, akamwona baba yake akilini, akakaza zaidi. Ghafla pikipiki ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikazima. Wote aliowapita wakampita. Akakaa kwenye majani kando ya barabara, akalia hadi sauti ikakauka.

Nyumbani alifungua injini. Pistoni ilikuwa imetoboka katikati. Akaipeleka kwa baba yake, akapiga magoti.

"Nisamehe, Baba. Nimeiua."

Ahmadi aliipokea, akapitisha kidole tunduni. Midomo yake ikahangaika muda mrefu.

"Mo... moto."

Mwanaheri alishtuka, akamgusa mumewe paji la uso. "Homa?"

"Nyuma," Ahmadi alisema. "Moto... nyuma."

Shadya akaelewa. Alikuwa ameongeza kompresheni akaacha plagi iwashe moto mapema kama zamani, nao ukaipiga pistoni ikiwa bado inapanda; alipaswa kuurudisha nyuma, uwake kwa kuchelewa kidogo. Ndicho alichokuwa akikisema mzee siku ile alipoupiga mkono wa kiti kwa kiganja.

Pistoni ya aina ile haikuwa ikitengenezwa tena; pikipiki isingepona, na Shadya alilijua hilo. Akajifuta uso kwa kanga, akasogea karibu na mdomo wa baba yake.

"Nyuma kiasi gani, Baba?"