Sijakombolewa

Miaka tisa nimelifundisha shairi moja kuhusu utoto, na miaka tisa nimeandika ubaoni kwamba "Mkebe umenyamaza, nami sijakombolewa" ni kilio cha uhuru.

Jana nilimsomea mama nyumbani Kibuyuni, akifunga mwani kwenye kamba. Alicheka hata kamba ikamponyoka.

"Mwalimu mzima, hukucheza kombolela wewe? Huyo kashikwa, asimama kando ya mkebe. Amngoja mwenziwe aliyejificha atoke mbio aupige teke, ndipo naye awe huru. Lakini mwenziwe keshakwenda zake."

Nilicheza, tena uani papo hapo. Nilikuwa nimesahau, na hilo lilinikera kuliko kicheko chake.

Nikafungua madaftari niliyokwisha kuyasahihisha. Darasa zima lilikuwa limenakili uhuru wangu, nami nimewapa alama. Ila Warda, anayekalia dawati la wawili peke yake tangu Twaiba aozwe huko Bodo, alikuwa ameandika: "Anamngoja mwenzake, na anajua haji."

Nilikuwa nimelikata jibu lake kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Soma shairi tena."