Mkono Nyuma ya Mtungi

Chumba cha kushonea nguo za mpira kilikuwa nyuma ya duka la mbizi, kina dirisha moja na feni iliyozunguka kwa kujivuta. Humo ndimo alimoshinda fundi, akiziba matobo ya magoti, akibadilisha zipu zilizoliwa na chumvi, akibandika viraka kwa gundi yenye harufu ya kupanda kichwani. Wateja walimjua kwa kazi yake tu. Wachache mno walijua kwamba mama huyu mpole, mwenye pini mdomoni, aliwahi kushuka chini ya bahari mara nyingi kuliko baadhi ya viongozi waliokuwa wakiwapeleka wao.

Alikuwa akishuka na mumewe. Mumewe alikuwa kiongozi wa mbizi, na watu walimwita Mapovu, maana alipenda kuimba akiwa chini huku ameuma kipande cha kupumulia, na mapovu yakapanda juu kama chungu kinachochemka. Siku zisizo na wageni, mke na mume walichukua mitungi yao wakashuka kutembea, kama watu wengine wanavyotoka jioni kunyoosha miguu mtaani. Hawakuwa na haja ya kuona kitu kikubwa. Waliweza kukaa mbele ya kijiwe kimoja wakimwangalia kaa akifagia mlango wake mpaka hewa ikapungua.

Kisha homa ikamchukua Mapovu, nchi kavu, kitandani kwake, mtu ambaye bahari ilimvumilia miaka yote. Tangu hapo fundi hakugusa maji. Akiulizwa, alisema ni magoti.

Sasa binti yao alikuwa amekuja likizo. Alijifunza mbizi huko anakofanya kazi, akafaulu bila kumwambia mama yake, na alikuwa na ombi moja: aione miamba ya baba yake, na mama awe mwenzi wake majini. Keshokutwa anaondoka, na kazi mpya inampeleka mbali zaidi. Hakuna aliyejua atarudi lini. Fundi akatafuta pa kutokea. Akataja magoti, akataja cherehani inayokata uzi, akataja zipu za watu zilizomrundikia mezani. Binti alisikiliza vyote, kisha akasema taratibu, "Mama, usiponishusha wewe, nitashushwa na mtu baki."

Asubuhi fundi alikuwa wa kwanza kupanda boti.

Kiongozi wa siku ile alikuwa Nanga, rafiki wa Mapovu tangu ujana, mtu mnene ambaye wenzake walimtania kwamba yeye huzama bila kuhitaji mkanda wa risasi wa kuongeza uzito. Alimwita fundi shemeji kama zamani, akamuuliza kama nguo yake ya mpira bado inafunga au alete kijiko cha kuvalia viatu. Fundi akamjibu aangalie kwanza tumbo lake, maana lilifika botini kabla ya mwenyewe. Watu wakacheka, na yeye akajikuta anacheka nao, ingawa vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Duka lile lilikuwa na mtindo wake. Mitungi hujaribiwa ufukweni, halafu vali hufungwa kwa ajili ya safari. Mkifika penye miamba, kila mtu akiwa amevaa, humkagua mwenzake na kumfungulia hewa. Vali iko nyuma ya kisogo, nani atajiona kisogo? Mapovu na mkewe walikuwa wakifanya hivyo bila kusemezana, huku wanabishana habari za ada ya shule au za jirani mwenye redio.

Basi fundi akamgeuza binti yake, akakaza mkanda, akavuta kila mpira wa hewa, akafungua vali mpaka mwisho. Kisha akakaa ukingoni mwa boti, na bila kujijua akainamisha kichwa kidogo mbele, kama alivyozoea. Lakini binti alifundishwa kwingine, ambako kila mtu hujifungulia mwenyewe na mwenzake huuliza tu. Akauliza, "Mama, uko tayari?" Mama akaitikia kwa kichwa. Katika maisha yake yote hakuwahi kukaa pale ukingoni kabla ya kuwa tayari.

Wakaingia majini, wakashika kamba ya nanga ya boti. Fundi akatoa hewa kwenye fulana yake ya kuelea, akazamisha uso. Pumzi ya kwanza ikaja vizuri. Ya pili ikaja nzito. Ya tatu haikuja kabisa, ikawa kama kunyonya chupa iliyozibwa. Akapiga mapezi, akaibuka, akatema kipande cha kupumulia na kuikumbatia kamba kwa mikono miwili.

Nanga alifika hapo hapo, akaona ni nini. Sheria ya boti ilikuwa moja: anayekosea juu hashuki chini. Hakumfokea. Alimwambia kwa upole, "Shemeji, panda. Umejaribu, inatosha."

Upole ule ndio uliomuuma. Alijua akipanda ngazi ile hatarudi tena, si leo wala mwaka mwingine. Atarudi kwenye zipu zake, na mtoto wake ataiona miamba ya baba yake akiwa nyuma ya mapezi ya mtu mwingine, kisha aende zake.

"Sikusahau," akasema. "Sijawahi kuifungua. Miaka yote aliifungua yeye."

Maji yakawapandisha na kuwashusha. Nanga akageuza uso, akajifanya anafuta miwani yake.

Binti hakungoja ruhusa. Akaogelea akapita nyuma ya mama yake, na fundi akasikia mkono ukizungusha vali mgongoni, na hewa ikiingia kwenye mipira. Kisha msichana akamkagua upya, kuanzia kichwani hadi kiunoni, kama mzazi anayemtengeneza mtoto siku ya kwanza ya shule.

"Pumua," Nanga akaamuru hatimaye, macho kwenye geji ya hewa. "Tena. Tena. Haya. Lakini usimwachie huyo mtoto mkono."

Wakashuka.

Ukweli ni kwamba fundi hakuogopa maji hata siku moja. Aliogopa kwamba atafika kule chini akute pengo. Hakukuta pengo. Alikuta shughuli. Pono walikuwa wanatafuna matumbawe kwa kelele, kama watu wanaokula miwa. Chewa mmoja alilala mdomo wazi huku vidagaa wakimsafisha meno. Kundi la samaki wa manjano likapita kwa haraka, likageuka ghafla kama lililosahau kitu nyumbani, likapita tena. Hakuna aliyesimamisha kazi kwa ajili ya msiba. Kwanza jambo lile likamkera. Halafu likamchekesha, maji yakaingia kwenye miwani, ikabidi asimame ayapulize nje.

Binti akamvuta mkono. Chini ya mwamba pweza alikuwa amekaa, anabadilika rangi, kahawia, kijivu, kahawia, kama mtu anayechagua nguo ya kuvaa. Wakamtazama muda mrefu. Kasa akaja kutoka kwenye maji ya buluu, akawapita karibu bila kuwajali, magamba yake yamejaa makovu ya zamani.

Binti akauachia mkono wa mama amfuate kidogo, na hapo ndipo fundi alipomwona vizuri. Alikuwa anaogelea ubavu, bega moja chini, uso umegeuzwa nyuma ili asimpoteze mwenzake. Mapovu aliogelea vile vile. Viongozi wengine walimsema sana kwamba anaogelea kama kaa mlevi. Mtoto huyu alikuwa mdogo mno wakati ule, hakuwahi kumwona baba yake akiwa chini ya maji. Hakuna aliyemfundisha. Fundi akabaki anaelea pale, anatazama lile bega, na hakutaka geji ishuke.

Botini binti alizungumza mfululizo, kasa huku, pweza kule, mpaka Nanga akamuuliza kama amebakiza hewa ya kufika nyumbani. Fundi alikuwa anakamua nywele. Akauliza kama Jumanne boti inatoka.

Nanga akasema Jumanne hakuna wageni, yeye anakwenda tu kukagua kamba za maboya.

"Unashuka na nani?"

Nanga akakuna shingo. Akasema vijana wa siku hizi huja na kuondoka, huwa anaokota yeyote aliyepo. Mwenzi hasa, tangu Mapovu, hana.

"Basi zile zipu zitangoja Jumatano," fundi akasema, na kuinama kuvua mapezi.