Apime Visiki

Majivu yalikuwa bado yanafuka Jemutai alipofika, na soli za gambuti zake zikaanza kunata. Kipande cha msitu kisichoguswa hakikuwepo tena. Mipaini ilisimama kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka. Ng'ambo ya njia, kipande kilichofyekwa kila mwaka na kuondolewa matawi makavu kilikuwa kijani. Moto ulifika ukingoni, ukatambaa kidogo kwenye nyasi fupi, ukafa.

Alikaa chini akalia. Siku hii ilingojwa tangu watafiti wagawe msitu huu wa Kaptagat vipande viwili, yeye bado msichana wa kuwachotea maji. Baadaye walimfanya mlinzi, wakampa rungu. "Kwenye kile kisichofyekwa mtu asiokote hata kijiti," walimwambia. "Moto ukija siku moja, tutalinganisha." Basi akalinda mpaka akaota mvi. Hata jirani yake Waceke, Jemutai alimnyang'anya panga na mzigo wa kuni asubuhi ambayo mtoto wa Waceke alikuwa na homa na uji haujapikwa. Tangu hapo, kanisani wanakaa mabenchi yaliyo mbalimbali.

Alimpigia simu mtafiti, Daktari Amolo.

"Mama, kile kilichofyekwa kimesimama? Chote?" Amolo akapaaza sauti. "Huo ndio ushahidi. Tukiupima, wakubwa wa misitu watalazimika kuachia watu waokote kuni msitu mzima kabla ya kila kiangazi. Usiache mtu aguse."

"Unakuja lini?"

"Gari haina mafuta mpaka mkubwa asaini. Pengine wiki ijayo."

Kesho yake lilikuja lori. Mbele alikuwa forester, afisa wa msitu, nyuma yake Felix, mwenye mashini ya kupasua mbao, viatu vyake havijawahi kuona matope. Vijana wake walianza kupaka miti alama nyekundu. Ile ya kijani.

"Mzee, hii haikuungua," Jemutai alisema.

"Kibali kinasema miti iliyoathiriwa na moto," forester akajibu. "Hii si iliuona moto?"

"Imeshtuka, Mama," Felix akasema. "Iangalie inavyotetemeka." Vijana wakacheka. "Ile nyeusi nitaifanyia nini? Mimi nauza mbao, si makaa."

"Daktari anakuja kupima."

"Apime visiki."

Jemutai akaegemea mti wa kwanza, mgongo juu ya rangi mbichi. Forester akamsogelea, akashusha sauti kama mtu anayeomba chumvi.

"Mama, watu wanauliza nani aliwasha huu moto. Na aliyekuwa huku kila siku ni nani?"

Jemutai akabandua mgongo kwenye gome. Kisha akapisha. Msumeno wa injini ukalia.

Jioni lori liliondoka na magogo. Matawi na vilele vilibaki vimelala kila mahali, virundo kwa virundo, hadi kwenye ua wa Waceke.

"Yalinde haya," forester alimwambia Jemutai kabla ya kupanda. "Asiokote mtu mpaka kibali kitoke Eldoret."

Waceke alikuja na kamba mkononi. Aliangalia visiki, akaangalia rangi nyekundu mgongoni mwa Jemutai.

"Leo pia unanifukuza?"

Upepo wa kiangazi ulipita kwenye virundo. Majani ya mipaini yangekauka kama njiti kabla kibali hakijatoka, na rungu lilikuwa bado mkononi mwa Jemutai.